Familia ya Mchana Mmoja

Pang alipomaliza kugawa ukoo, kila mtu alikuwa amepata jamaa asiyemtaka. Mzee Fung wa chumba cha pili, mhudumu mstaafu wa mkahawa wa chai, alifanywa baba wa nyumba. Chiu, dereva wa teksi anayekesha barabarani na kulala mchana, alifanywa mwanawe wa kiume. Mo-lan, mfagizi wa shule, mwanamke wa miaka hamsini ambaye hakuwahi kuolewa na hakupenda kuulizwa kwa nini, alifanywa binti. Suet-ngo, muosha vyombo, akapewa Chiu awe mume wake. Hoi-ki, mwanawe Suet-ngo mwenye miaka tisa, ndiye peke yake aliyebaki na mama yake wa kweli, ila sasa aliongezewa babu, baba na shangazi, akawa anawatazama mmoja mmoja kama mtoto anayejaribishwa viatu dukani.

"Mimi na huyu tuwe mawifi?" Mo-lan aliuliza, bila kumtazama Suet-ngo. Walikuwa hawasemeshani tangu mayai matatu ya Mo-lan yalipopotea kwenye friji wanayochangia.

"Basi ninyi hamna haja ya kuigiza," Chiu akasema, macho mekundu kwa usingizi.

Pang hakucheka. Alikuwa wakala wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona hata kisogo. Tangu jengo la mtaa wa nyuma lilipoungua, wakaguzi walikuwa wakipita mitaa yote ya Sham Shui Po, hapa Hong Kong, mlango kwa mlango, wakitafuta nyumba zilizokatwakatwa. Hii ya ghorofa ya tano ilikatwa vyumba vinne kwa plaiwudi, ingawa kwa serikali ilijulikana kuwa ni nyumba ya familia moja. Mkaguzi angefika adhuhuri. Kabla ya hapo, Pang alieleza, kuta zote zishuke na wapangaji wawe ndugu. Atakayeropoka atalala nje siku hiyo hiyo na amana yake asiione. Watakaocheza vizuri watasamehewa nusu ya kodi ya mwezi.

Kisha akamgeukia Suet-ngo, maana alijua pa kubonyeza. "Mama Hoi-ki, wewe hasa. Wakifunga hapa watakutupa kwenye vyumba vya muda kule Yuen Long, nyuma ya milima. Utamaliza sahani zako saa ngapi, na basi la mwisho litakuwa limeondoka saa ngapi?"

Suet-ngo aliomba nyumba ya serikali miaka sita iliyopita, na kila alipouliza aliambiwa zamu yake iko karibu. Mpaka hiyo karibu ifike, chumba hiki ndicho kilichoshikilia kila kitu: shule ya Hoi-ki mtaa wa pili, mkahawa wa kazi mtaa wa tatu. Kodi ilikuwa dola za Hong Kong elfu nne na mia nane, zaidi ya nusu ya mshahara wake, kwa nafasi ambayo mtu akilala na kunyoosha miguu anagusa mlango. Hakikuwa na dirisha. Usiku kifua cha Hoi-ki kilipiga filimbi, na mama mtu alilala nusu usingizi, mkono juu ya pampu ya dawa. Lakini kilikuwa chao, na Suet-ngo angesema uongo wowote ili wasikipoteze. Asubuhi ile hakuona haya kulikiri hilo moyoni.

* * *

Kuta za nyumba nzima zilishushwa kwa bisibisi mbili. Jambo hilo lilimuudhi Suet-ngo kuliko alivyotarajia. Kumbe kitu alichokilipia miaka mitatu, na kukosa usingizi kwa ajili yake kila mwisho wa mwezi, kilikuwa kimeshikiliwa na skrubu chache tu. Chiu na Pang waliyabeba mabamba ya plaiwudi hadi juu ya paa, wakayafunika turubai. Wanawake wakaondoa vitu ambavyo familia moja haiwezi kuwa navyo: sufuria nne za umeme za kupikia wali, kufuli nne, sabuni nne za kuogea, kila moja na kisahani chake. Mita nne za umeme zilifichwa nyuma ya kalenda. Vitanda vikasogezwa ukutani, na katikati ikatokea sebule.

Hakuna aliyekuwa ameijua sebule hiyo. Dirisha la mbele, ambalo siku zote lilikuwa ndani ya chumba cha Chiu, nyuma ya pazia zito la mtu anayelala mchana, sasa lilikuwa la wote. Hewa iliingia hapo, ikapita moja kwa moja hadi jikoni na kutokea kwenye mlango wa nyuma, ule wa chuma unaofungukia ngazi za dharura. Hoi-ki alisogeza kiti dirishani, akakaa na kitabu chake cha hesabu. Suet-ngo alimsikiliza kwa mazoea, akiingoja ile filimbi ya kifua, asiisikie. Akajikanya asiizoee hali hiyo.

Pang alirudi na nusu bata bukini wa kuchoma, mboga za majani na supu, akavipanga mezani kwa mkono wake. Wakaguzi nao ni watu, alisema, na mtu hapendi kuwasumbua watu walio mezani. Kisha akamwita Hoi-ki na kumfundisha jambo aliloliona kubwa kuliko yote. Mtoto aliyelelewa hagusi wali mpaka awakaribishe wakubwa wake, mkubwa kwanza, mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi yeyote aliyezaliwa Hong Kong angelisikiliza hilo bila hata kujua kwamba anasikiliza.

Hoi-ki aliijua desturi hiyo. Kila siku alimkaribisha mtu mmoja. Babu akamtoka vizuri, na Shangazi pia. Alipofika kwa Chiu akanyamaza. Hakuwa amelitamka neno "baba" tangu akiwa na miaka minne, walipomzika aliyelistahili. Alimwuliza mama yake kwa sauti ndogo kama huko si kusema uongo. Suet-ngo akamwambia ni adabu tu, na moyo wake ukamsuta. Chiu, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alikwenda kunawa uso na kubadilisha shati.

* * *

Mkaguzi alikuwa Bwana Tsoi, mtu mnene aliyefika akihema kwa zile ngazi, na tochi mkononi na futi ya chuma kiunoni. Alikataa kiti. Alisema waendelee kula tu, yeye ataangalia angalia kidogo.

Basi wakala, na kula kukawa kazi. Hoi-ki aliweka mikono magotini. "Babu, karibu chakula," alisema. "Shangazi, karibu chakula." Kisha macho yake yakafika kwa Chiu. Mkaguzi, aliyekuwa akigongagonga ukuta karibu na dirisha, aliacha kugonga.

"Baba, karibu chakula."

"Kula, mwanangu," Chiu akaitika, na supu ikammwagikia kwenye shati safi. Mzee Fung akachukua paja la bata, sehemu nono kuliko zote, akaliweka kwenye bakuli la mtoto. Hilo halikuwa katika mafunzo ya Pang.

Bwana Tsoi alimulika sakafu. Suet-ngo aliuona mwanga ukitambaa kuelekea mahali ambapo ukuta wa chumba chake ulikuwa umeacha mstari wa matundu ya skrubu. Mo-lan akanyoosha mguu kama mtu aliyechoka kukaa, akaweka ndala juu ya matundu. Mkaguzi aliuliza ni kwa nini mume na mke wana vitanda viwili, kimoja pembe hii, kingine pembe ile.

"Kaka yangu anakoroma," Mo-lan akajibu huku akitafuna. "Na huyu mkewe ni mwanamke wa maringo, hawezi kuvumilia."

"Wifi yangu anajua mambo yote ya nyumba hii," Suet-ngo akasema. "Hata mayai huyahesabu."

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa mwezi mzima. Bwana Tsoi nusura atabasamu. Yeyote aliyewahi kuishi na wifi angeapa kwamba hawa ni mawifi. Suet-ngo akaanza kuamini kwamba watavuka.

Lakini tumbo la Mzee Fung lilikuwa limesahau mafuta ya bata. Mzee alijizuia, akatokwa na jasho jembamba, mwisho akainuka. Alikwenda kwenye kitanda chake, akatoa mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini, akaufungua fundo, akachukua roli yake ya karatasi ya chooni, akaingia nayo chooni na kufunga mlango.

Hakuna aliyethubutu kutafuna. Kwa miaka mitano mzee alikuwa ameenda chooni namna hiyo, kama wao wote, kwa sababu katika nyumba za namna ile anayeacha karatasi yake chooni anawanunulia wenzake. Waliondoa sufuria, kufuli na sabuni. Karatasi hakuna aliyeikumbuka, maana hakuna aliyeiona tena kuwa ni jambo la ajabu. Mzee alitoka roli ikiwa kwapani, akairudisha mfukoni, akapiga fundo mara mbili, akakaa. Ndipo alipoziona nyuso za wenzake.

Bwana Tsoi alizima tochi. Aliingia chooni, akatazama pale ambapo pangekuwa na karatasi, akatoka.

"Mzee," alisema kwa heshima, "katika nyumba yako mwenyewe unabeba karatasi yako?"

"Mazoea," Mzee Fung akasema. "Mazoea ya kazini."

"Huyu ni nani wako?" Kidole kilimwelekea Suet-ngo.

"Mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Mzee Fung alifungua mdomo. Miaka mitatu walikuwa wametenganishwa na ubao usiozidi unene wa kidole, na jina la Suet-ngo halikuwahi kupenya. Wote walimwita Mama Hoi-ki, na kodi ilipokewa bila kuulizwa jina. Suet-ngo alitamani amrushie jina lake mezani kama mfupa. Mzee alimtazama muda mrefu, kisha akaweka vijiti vyake chini.

"Sisi humwita Mama Hoi-ki," alisema. "Akitoka kazini huvua viatu huko nje mlangoni asije akaniamsha, nami huwa sijalala. Hunawa mikono mara tatu, maana sabuni ya mkahawani inamla vidole. Mtoto akikohoa humwimbia, wimbo ule ule mmoja, na hukosea maneno palepale kila siku. Siku ya kodi hapiki chake. Humwambia mtoto kwamba ameshakula kazini. Jina la kuandika kazini kwako, bwana, muulize mwenyewe."

Suet-ngo aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka moto. Alikuwa akiamini kwamba angalau njaa yake ilikuwa nyuma ya ukuta, siri yake peke yake, na kumbe mzee wa watu alikuwa akiisikiliza kila mwezi. Hoi-ki alikuwa amegeuka na kumkazia macho mama yake, na hakuyaondoa.

* * *

Mkaguzi alimwomba Suet-ngo waende jikoni. Huko alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye si mjinga na hakuja kumfanya mtu yeyote mjinga. Kulikuwa na njia mbili. Akiripoti kuwa hapa pana familia moja, nyumba hii itahesabiwa safi, na hatarudi yeye wala mwingine kwa miaka mingi. Akiripoti anachokijua, watahamishwa, na hawezi kumdanganya kwamba anajua watapelekwa wapi, au kama watafurahi huko. Aliujaribu ule mlango wa chuma. Ukafunguka kwa kelele, akachungulia ngazi za dharura, akaufunga.

"Angalau huu unafunguka," alisema. "Mama, niandike nini?"

Suet-ngo aliwaza basi la mwisho. Aliwaza shule, na mwalimu aliyesema kwamba Hoi-ki asihamishwe mwaka huu. Alimwaza Mzee Fung na mfuko wake wa plastiki, angekwenda nao wapi.

"Andika ulichokiona," akasema. "Umeona familia inakula."

Bwana Tsoi alimtazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Kisha akaandika, akawaaga wote kwa adabu, na wakamsikia akishuka kuelekea ghorofa ya nne.

Hawakushangilia. Chiu alijimiminia chai, kisha akammiminia mzee. Mo-lan alisukuma sahani ya mabaki ya bata ikakaa mbele ya Suet-ngo, akaishikilia pale mpaka Suet-ngo akala. Nusu saa hivi walikaa hivyo, watu wanne wazima na mtoto, katika nyumba yenye dirisha.

* * *

Pang, aliyekuwa ameshuka kabla mkaguzi hajafika, hakungoja hata mkaguzi atoke katika jengo. Alipanda akiwa amechangamka, akasema yule bwana yuko chini kabisa, dukani kwa muuza dawa za miti shamba, na wakifanya kimya kimya kuta zitakuwa zimerudi kabla ya jioni. Alimtuma Chiu juu ya paa akalete mabamba. Yeye mwenyewe akaingia jikoni na futi, akaanza kupima.

Mzee Fung aliuliza anapima nini. Pang akaeleza kwa furaha kwamba mwenye nyumba alikuwa akiingoja ripoti safi kama hii siku nyingi. Sasa anaweza kuongeza chumba cha tano, hapa kwenye ujia wa jikoni, na mpangaji amekwisha kupatikana.

"Na mlango wa nyuma?" Mzee Fung akauliza.

"Utakuwa nyuma ya kitanda chake."

"Nauliza, moto ukitokea tunapita wapi?"

"Mzee, umezeeka vibaya," Pang akasema, bado akicheka. "Serikali yenyewe imeshasema hapa pana familia moja. Familia moja inatoshwa na mlango mmoja."

Suet-ngo alisimama katikati ya sebule. Sham Shui Po nzima ilijua waliokufa katika jengo la mtaa wa nyuma walikutwa wapi: nyuma ya mlango uliozibwa kwa chumba, wamelundikana. Alikuwa amepita pale asubuhi moja akienda kazini, akaharakisha, akimshukuru Mungu wake kwamba si wao. Na huu mlango uliokuwa ukipimwa sasa hakuna aliyeufunga ila yeye, kwa maneno yake mwenyewe.

Pang aliuona uso wake, akamsogelea. Wakala mzuri hujua bei ya kila mtu, na huyu alikuwa mzuri. "Mama Hoi-ki," alinong'ona, ila nyumba isiyo na kuta haina mnong'ono, "umetuokoa leo. Sitasahau. Chukua chumba cha dirisha, kwa kodi ile ile ya sasa. Mtoto apumue. Chiu atahamia chako. Yeye mchana analala tu, dirisha la nini?"

Chiu alikuwa mlangoni na bamba begani. Alisikia kila neno. Alimtazama tu Suet-ngo, akingoja, na shati lake bado lilikuwa na doa la supu.

Ni lazima isemwe kwamba Suet-ngo alilitaka dirisha lile. Alilitaka kwa mwili mzima. Aliona usiku ambao hatakuwa na mkono juu ya pampu, akaona Hoi-ki akilala kama watoto wengine wanavyolala, na kwa muda wa pumzi chache alikuwa amekubali. Kisha akausikia utepe wa futi mkononi mwa Pang ukirudi na kulia, akautazama ule mlango wa chuma, na akaelewa kwamba dirisha la ghorofa ya tano si mlango.

Akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Pang akauliza, na kicheko kikamkauka.

Chiu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliliteremsha bamba, akasimama njiani. "Ukimwita, leo tunalala wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Sijui," Suet-ngo akasema.

"Mimi nina zamu leo. Sijalala tangu jana. Unajua nini?"

"Sijui chochote, kaka yangu. Najua mlango tu."

Mo-lan alikuwa amekaa kitandani kwake, mikono mapajani. "Mpishe," alimwambia Chiu. "Tukifa humu tutamlaumu nani? Mpishe apite." Na Suet-ngo alipofika ngazini alimsikia akiongeza, kwa sauti ile ile ya kufokea watoto wa shule, kwamba mtoto abaki, yeye atamwangalia.

* * *

Alimkuta Bwana Tsoi barabarani, mbele ya duka la dawa, akifunga begi lake. Suet-ngo alikuwa ameshuka ghorofa tano mbio na hakuwa na pumzi ya maneno mengi.

"Rudi juu, bwana."

"Nimeshaandika, mama."

"Futa. Wanaziba mlango wa nyuma."

Mkaguzi alitazama begi lake, akatazama ngazi. Alimwambia kwamba safari hii, akipanda, hataweza tena kutoona. Hakutakuwa na njia mbili. Barua itatoka wiki hii, na yeye Tsoi hana nyumba ya kumpa mtu. Ana futi na tochi. Alimwuliza kama wenzake huko juu wanajua alichokuja kufanya.

"Wanajua," akasema. "Hawajakubali. Lakini wanajua."

Walipanda. Suet-ngo alijua anaupandisha mwisho wa chumba chake ngazi kwa ngazi, na wa vyumba vya watu watatu ambao hawakumtuma. Akili yake ilikuwa ikifanya hesabu za kijinga: Hoi-ki ataamka saa ngapi kule nyuma ya milima ili awahi shule, mkahawa utamvumilia siku ngapi kabla haujamchukua mwingine. Alitaka kugeuka. Bwana Tsoi alikuwa nyuma yake, akihema, amejaza ngazi yote.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Fung alikuwa amebeba kiti chake cha mezani, akakiweka mbele ya mlango wa chuma, akakikalia, mikono magotini, kama mhudumu anayengoja wateja wa kwanza. Pang alikuwa amemsimamia kichwani akimtolea maneno ambayo hayafai kusikiwa na mtoto, na mtoto alikuwa akiyasikia yote, ameshikwa bega na Mo-lan. Chiu alikuwa bado amelishika lile bamba. Hakulisimamisha ukutani, hakulilaza chini. Pang alipomwona mkaguzi, akaanza kuitia futi yake mfukoni taratibu.

Bwana Tsoi hakumsemesha. Alitoa kalamu. Akauliza swali ambalo adhuhuri ile hakuwa amelazimika kuliuliza, akilielekeza kwa wote, kwa sauti ya kazi.

"Katika nyumba hii, kila mtu aniambie: kaya yako ni watu wangapi?"

Nje, mwuza matunda alikuwa akitangaza bei ya mapera ya jioni.

"Mmoja," alisema Mzee Fung, bila kuinuka kitini.

"Mmoja," alisema Mo-lan. Mkono wake ulikuwa bado begani mwa Hoi-ki. Akauondoa.

Chiu alilitazama bamba alilolishika. Suet-ngo alidhani hatajibu, na asingemlaumu. Mtu huyu alikuwa amenyimwa usingizi, dirisha na makao kwa siku moja. Hoi-ki pia alikuwa akimtazama. Hatimaye Chiu akalilaza bamba sakafuni, polepole, lisipige kelele.

"Mmoja," akasema, akageuza uso upande wa dirisha.

Mkaguzi akamgeukia Suet-ngo. Naye akamvuta Hoi-ki karibu. Kweli aliyoikimbilia ngazi zote zile ilikuwa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa likimnyang'anya yeye na Hoi-ki watu ambao mchana ule walikaa nao mezani.

"Wawili," akasema.